Unga wa Keram na Dawa ya Malale

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Wiki hii nawaomba mnivumilie kidogo, maana nitazungumzia kemia, somo ambalo wengi wetu tuliliacha darasani tukamshukuru Mungu. Stashahada yangu mimi ni ya uandishi wa habari, si ya sayansi, na kila ninaposoma kazi za wakemia huwa na kalamu mkononi na kamusi mapajani. Lakini habari yenyewe inatuhusu, tena sana, na nitaipeleka polepole.

Nianze na kitu mnachokijua. Aliyewahi kukaa kwenye baraza la keram, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, ameuona ule unga mweupe unaonyunyizwa juu ya ubao ili kete ziteleze. Kwa desturi unga ule ni asidi ya boriki. Ndiyo hiyo hiyo inayotiwa nyuma ya kabati kuua mende, na ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikiyeyushwa zamani katika maji ya kuoshea macho. Ndugu yake, boraksi, yuko kwa sonara, anayeitia katika dhahabu inayoyeyuka ili uchafu ujitenge. Vyote viwili vina elementi moja ndani yake, nayo ni boroni. Huchimbwa kwa wingi nchini Uturuki, na pia katika jangwa la California huko Marekani, ambako upo hata mji mdogo uitwao Boron. Nikiwa hapo hapo, wazazi wangu, msiwaachie watoto wachezee unga huo wala kuulamba. Zamani katika nchi za Ulaya na Marekani watoto wachanga walikufa kwa sababu ya asidi ya boriki iliyopakwa kwenye vipele vyao kama poda. Wanaocheza keram nao wanawe mikono kabla ya kula.

Sasa twende hatua moja mbele. Katika asidi ya boriki, boroni iko katikati na imeshikana na oksijeni tatu, kila oksijeni na hidrojeni yake. Ukiiondoa oksijeni moja, ukaweka kaboni mahali pake, unapata kitu kingine kiitwacho asidi ya boroniki. Tofauti ya jina ni ndogo, mtu anaweza kudhani mpiga chapa amekosea, lakini tofauti ya kazi ni kubwa mno. Ile ya kwanza inateleza chini ya kete. Hii ya pili, pamoja na watu wa ukoo wake, imo katika dawa za saratani, katika utengenezaji wa vidonge vya shinikizo la damu, na katika vidonge vitatu vya malale nitakavyovieleza baadaye.

Mtu wa kwanza kutengeneza asidi ya boroniki alikuwa Mwingereza Edward Frankland, mwaka 1860. Aliipata, akaiandika, na dunia ikaendelea na shughuli zake. Kwa karibu miaka mia moja ilikuwa kitu cha kuwekwa kwenye chupa na kubandikwa jina.

Kwa nini basi ije kuwa na maana? Siri yake ni njaa. Atomu nyingi zinazounda vitu vyenye uhai hupenda kuzungukwa na elektroni nane, na zisipozipata kwa njia moja huzitafuta kwa njia nyingine. Boroni ina mikono mitatu tu. Ikishikana na wenzake watatu, jumla ya elektroni zinazoizunguka ni sita. Linabaki pengo la mbili. Kwa hiyo boroni hukaa daima kama mgeni aliyekaribishwa chakula kikamwishia katikati: ana adabu, hapigi kelele, lakini jicho lake liko kwenye sahani ya jirani. Akipita karibu mtu mwenye elektroni mbili za ziada, oksijeni kwa mfano, boroni humshika. Na jambo la muhimu ni kwamba inaweza kumwachia tena. Kushika na kuachia: mengi ninayoyasema leo yanatokana na hilo.

Mtu aliyeipandisha boroni cheo alikuwa Herbert Charles Brown, aliyezaliwa London mwaka 1912 na kulelewa Chicago katika nyumba ya wahamiaji maskini kutoka Ukraine. Alipomaliza shahada yake ya kwanza mwaka 1936, rafiki yake wa kike, Sarah Baylen, ambaye baadaye alikuwa mkewe, alimnunulia kitabu kuhusu misombo ya boroni. Brown mwenyewe alieleza baadaye sababu ya kuchaguliwa kitabu kile: ndicho kilichokuwa cha bei nafuu kuliko vyote vya kemia katika duka la chuo, dola 2 na senti 6. Ilikuwa miaka ya dhiki. Akakisoma, akanogewa, akaifanyia boroni kazi maisha yake yote, na mwaka 1979 akapewa Tuzo ya Nobel. Alipenda kutaja kuwa herufi za mwanzo za majina yake, H, C na B, ni alama za hidrojeni, kaboni na boroni.

Kitabu alichokuja kukiandika Brown mwenyewe kilifika mpaka Sapporo, kaskazini mwa Japani, na kijana mmoja akakinunua dukani. Jina lake Akira Suzuki. Alivutiwa kiasi cha kumfuata mwandishi Marekani, akafanya kazi katika maabara yake Chuo Kikuu cha Purdue kuanzia mwaka 1963 hadi 1965, kisha akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Hokkaido. Huko ndiko yeye na mwenzake Norio Miyaura, mwaka 1979, walipotangaza njia ya kuunganisha kaboni na kaboni kwa msaada wa boroni. Mwaka 1981 wakaonyesha kuwa njia hiyo inafaa kwa zile asidi za boroniki zenye pete za kaboni, ambazo ndizo wanazozitaka watengeneza dawa.

Hapa lazima nieleze kwa nini kuunganisha kaboni mbili ni shida. Dawa nyingi zina kiunzi cha kaboni, kama nyumba ilivyo na boriti. Kumshikisha kaboni mmoja na mwenzake, mahali pale pale unapopataka na si pengine, ni kazi iliyowatoa wakemia jasho kwa vizazi. Ukilazimisha kwa moto au kwa tindikali kali, unaharibu sehemu nyingine za molekuli.

Nitatumia mfano wa harusi, na wakemia wanisamehe. Tunataka kuozesha kaboni mbili zilizo katika nyumba mbili. Ukiziweka katika chungu kimoja hivi hivi, hazitazamani. Upande wa bwana harusi, kaboni imefungamana na bromini au iodini. Upande wa bibi harusi, kaboni iko mkononi mwa boroni, na boroni hapa ni kungwi, hamtoi mwali ovyo. Anayekwenda na kurudi baina ya nyumba hizi ni paladiamu, metali ya thamani iliyo jamaa ya platinamu. Huyo ndiye mshenga. Kwanza anaingia kwa bwana harusi, anajipenyeza kati yake na bromini, anamshika mkono. Kisha anakwenda kwa kungwi, na hapo mlango ulikuwa haufunguki, kwa sababu boroni ya kawaida haina haraka ya kuitoa kaboni yake.

Suzuki na Miyaura waligundua kwamba kungwi alikuwa anangoja kifungua mlango. Walipotia alikali ndani ya chungu, boroni ilipewa oksijeni yenye elektroni za ziada, pengo lake likazibwa, njaa ikatulia, na mkono uliomshika mwali ukalegea. Mshenga akampokea, akawakutanisha wawili hao, kaboni zikashikana, na yeye akatoka mikono mitupu kwenda kushughulikia harusi nyingine. Hiyo ndiyo maana ya kichocheo: anayewezesha jambo lifanyike bila yeye mwenyewe kuishia ndani yake. Paladiamu ni ghali, lakini kwa kuwa haimalizwi katika kazi, chembe kidogo hufungisha ndoa nyingi sana. (Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kama kifungua mlango anapewa kungwi au anapewa mshenga. Inaelekea njia zote mbili hutumika, kutegemea harusi yenyewe.)

Zilikuwapo njia nyingine za kufunga ndoa hizi, na Wamarekani na Wajapani wengine walizivumbua. Lakini moja ilitumia misombo ya bati, ambayo ni sumu, na nyingine zilitumia vitu visivyostahimili maji wala hewa. Asidi za boroniki nyingi ni unga mkavu unaokaa kwenye chupa rafuni, hazishtuki zikiguswa na maji, na mabaki yake baada ya kazi hayana ukali wa bati. Kwa kiwanda kinachopika tani kwa tani, hiyo ni faida kubwa kuliko werevu wowote.

Matokeo yake yako karibu nasi. Losatani, kidonge cha shinikizo la damu ambacho wazee wetu wengi wanakimeza kila asubuhi, kina pete mbili za kaboni zilizoshikana, na kampuni ya Merck iliunda njia ya kuitengeneza kiwandani kwa kuzishikanisha pete hizo kwa mmenyuko wa Suzuki. Boskalidi, dawa ya ukungu wa mazao ya kampuni ya BASF ya Ujerumani, nayo hutengenezwa hivyo hivyo, kwa kiasi kinachopita tani 1,000 kwa mwaka. Njia hiyo hiyo hutumika kuunda kemikali za vioo vya televisheni na simu.

Mwaka 2010 Suzuki, akiwa na umri wa miaka 80, alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ei-ichi Negishi, aliyepitia naye maabara ya Brown, na Mmarekani Richard Heck. Waandishi walipomuuliza habari za utajiri, ikajulikana kwamba hakuwa amechukua hataza ya mmenyuko wake. Utafiti ulikuwa umelipiwa na fedha za umma, naye aliona haifai kuufungia. Kila kiwanda duniani, kikubwa kwa kidogo, kikaweza kuutumia bila kumlipa yeye hata yeni moja. Nasema bila kusita kwamba uamuzi ule umewafaa wagonjwa wengi kuliko hotuba nyingi nilizowahi kuripoti katika mikutano ya kimataifa. Viwanda vya India vinavyotutengenezea dawa za bei nafuu vilikuta mlango uko wazi.

Boroni yenyewe inaweza pia kuwa mshenga. Mwaka 1996 Kazuaki Ishihara na Hisashi Yamamoto, wakiwa Nagoya, walionyesha kwamba baadhi ya asidi za boroniki zinachochea kuunganisha asidi na amini, kifungo kile kile kinachoshikilia protini, na mabaki yake yakawa maji tu. Hilo lina mazungumzo yake, sitalifungua leo.

Mpaka hapa boroni ni fundi. Anajenga, anakusanya vyombo vyake, anaondoka, na katika kidonge cha losatani hayumo. Swali lililowagawa wakemia wa dawa ni hili: je, boroni yenyewe inaweza kuachwa ndani ya dawa ikaingia mwilini mwa mtu? Wengi waliogopa. Walikumbuka mende na wale watoto wachanga, wakasema elementi hii ikae nje.

Waliothubutu walikuwa kikundi cha wanasayansi karibu na Boston, katika kampuni ndogo iliyoanzishwa kutokana na kazi za Alfred Goldberg wa Chuo Kikuu cha Harvard. Goldberg alikuwa akichunguza jinsi seli zinavyovunja protini zilizochakaa. Katika kila seli yetu kuna mashine ziitwazo proteasomu, ambazo kazi yake ni kama mashine ya kusaga taka: protini iliyokwisha muda hutiwa alama, huingizwa humo, hukatwa vipande. Makali ya mashine hiyo yana oksijeni mahali pake muhimu. Nadhani mmekwisha kuona inakoelekea. Mkemia Julian Adams na wenzake, mwaka 1995, walichukua kipande kifupi kinachofanana na protini, wakakiwekea asidi ya boroniki mwishoni. Mashine ikakipokea kama taka ya kawaida, na ile oksijeni ilipokuja kukata, boroni yenye njaa ikaishika. Makali yakakwama.

Dawa hiyo ni botezomibu, inayojulikana kwa jina la biashara Velcade. Inafanya kazi hasa katika saratani ya uboho wa mifupa iitwayo maeloma. Seli za saratani hiyo hutengeneza protini kwa wingi wa kupita kiasi, kwa hiyo taka zake ni nyingi kuliko za seli nyingine. Fikirini Kariakoo ikae wiki mbili bila gari la taka, halafu fikirini kijiji. Wote wataona adha, lakini Kariakoo ndiyo itakayokufa kwanza. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha mwezi Mei mwaka 2003, ikawa dawa ya kwanza ya namna yake yenye boroni ndani. Si dawa ya mchezo. Inaleta ganzi na maumivu katika nyayo na vidole, ingawa kuichoma chini ya ngozi badala ya mshipani kumepunguza tatizo hilo.

Halafu kuna bei. Uingereza, nchi tajiri, mamlaka yake inayopima thamani ya dawa iliikataa kwanza kwa sababu ya gharama. Mwaka 2007 wakafikia mapatano ambayo sijawahi kuyasikia kwa sonara wala kwa fundi cherehani: mgonjwa apewe dawa, na ikiwa baada ya mizunguko minne haijamfaa, mtengenezaji arudishe fedha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza botezomibu katika orodha ya dawa muhimu, na baadaye hataza zikaanza kumalizika, viwanda vingine vikaitengeneza. Lakini kuwamo katika orodha si kuwamo katika famasia. Namfahamu mwalimu mmoja mstaafu mwenye ugonjwa huo. Nilipomtembelea, nikamwamkia shikamoo, akanikalisha, akasema, "Mwanangu, daktari amenitajia dawa, halafu akanitajia bei, halafu tukazungumza habari za mvua." Watoto wake waliuza kiwanja wakanunua sehemu ya dozi. Sitaitaja hospitali, maana daktari yule hakukosa lolote kwa kusema ukweli.

Baada ya botezomibu, woga ulipungua. Mwaka 2015 ikaja ndugu yake ya kumezwa, iksazomibu. Mwaka 2017 ikaidhinishwa vaborbaktamu, ambayo haiui bakteria yenyewe ila huzuia silaha ambayo bakteria sugu huitumia kuvunja dawa. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha kifaa cha kupima sukari kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono wa mgonjwa wa kisukari kwa miezi mitatu, na kinachoitambua sukari humo ni asidi ya boroniki, kwa sababu boroni hupenda kuzishika oksijeni za sukari na kuziachia. Yote hayo ni mazuri, na karibu yote yalianza kwa ajili ya watu wenye bima.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu. Malale.

Wasikilizaji vijana huenda hamjui uzito wa neno hilo. Waulizeni wazee wa Kigoma, Tabora na Urambo, au wa Busoga kule Uganda. Mbung'o anauma, kimelea kinaingia kwenye damu, homa inakuja na kuondoka. Miezi au miaka inapita, kisha kimelea kinaingia kwenye ubongo. Mtu analala mchana na kukesha usiku, anasahau wanawe, anapiga watu, anakonda, anakufa. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, waliokufa walizidi 200,000. Katika Tanganyika ya magharibi, wakoloni walihamisha vijiji vizima wakaviweka katika makazi maalumu ili kuwatenga watu na mbung'o.

Na dawa je? Kuanzia mwaka 1949, mgonjwa ambaye ubongo wake umeingiliwa alipewa melasoproli, ambayo ndani yake mna aseniki. Naam, aseniki, sumu ya panya. Wagonjwa waliieleza kama moto unaopita mshipani, na katika kila wagonjwa 20, mmoja hivi aliuawa na dawa yenyewe. Ilitumika hivyo kwa zaidi ya nusu karne. Ikaja eflonithini, iliyo salama zaidi, lakini ilitaka mgonjwa atundikiwe chupa mara nne kwa siku kwa siku 14, jumla chupa 56. Hebu pimeni hilo katika zahanati ya msituni isiyo na maji wala umeme.

Tena eflonithini ilikaribia kutoweka. Katika miaka ya 1990 utengenezaji wake kwa ajili ya malale ulisimamishwa kwa kuwa wagonjwa wake hawakuwa na fedha. Iliyoiokoa ilikuwa krimu ya urembo. Iligundulika kuwa dawa ile inapunguza nywele za usoni kwa wanawake, krimu yake ikaidhinishwa Marekani mwaka 2000, na kiwanda kikawa na sababu ya kuipika tena. Madaktari wa misaada wakapiga kelele, na mwaka 2001 kampuni ya Aventis, ambayo sasa ni sehemu ya Sanofi, ilikubaliana na Shirika la Afya Duniani kutoa dawa za malale bure. Sina ugomvi na mwanamke anayetaka kuondoa ndevu. Nasema tu kwamba maelfu ya Wakongo waliokuwa wakifa hawakutosha kuwa soko.

Boroni inaingiaje hapa? Mwaka 2002 wanasayansi wawili wa Marekani, Lucy Shapiro na Stephen Benkovic, walianzisha kampuni iitwayo Anacor ili kutafuta dawa katika misombo ya boroni. Walichokitumia hasa ni ndugu wa karibu wa asidi za boroniki, ambamo boroni imefungwa ndani ya pete na kuwa imara zaidi. Dawa yao ya kwanza kufika sokoni, mwaka 2014, ilikuwa ya fangasi wa kucha za miguu. Msicheke, ni soko kubwa. Lakini miaka kadhaa kabla ya hapo, taasisi isiyo ya faida iitwayo DNDi, yenye makao yake Geneva na inayoshughulikia magonjwa yaliyosahauliwa, iliwaendea ikiwaomba iijaribu misombo yao dhidi ya vimelea vya malale. Baadhi vilimuua mdudu. Vikafanyiwa kazi, vikarekebishwa, mpaka ikapatikana molekuli inayomezwa, inayofika kwenye ubongo na kukaa mwilini kwa muda mrefu. Ikaitwa akoziboroli. Mwaka 2012 ilijaribiwa kwa watu wenye afya huko Ufaransa, na kuanzia mwaka 2016 ikapelekwa kwa wagonjwa.

Jaribio hilo lilifanyika katika hospitali za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Guinea. Wagonjwa walikuwa 208. Kila mmoja alimeza vidonge vitatu, mara moja, basi. Hakuna chupa ya kutundika, hakuna siku kumi za kurudi zahanati. Walifuatiliwa miezi 18, na matokeo yakachapishwa mwishoni mwa mwaka 2022. Katika wagonjwa 167 ambao ugonjwa ulikuwa umekwisha kupevuka, 159 walifaulu kutibiwa, yaani asilimia 95.2. Katika 41 wa hatua za mwanzo walifaulu wote. Ni kweli hapakuwa na kundi la pili la kulinganisha nalo, na mtu mkali anaweza kulisema hilo. Lakini wagonjwa wenyewe walikuwa wamekwisha kuwa wachache, na matokeo hayo yanasimama vizuri kando ya yale ya dawa zilizotangulia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walieleza mwaka 2018 jinsi inavyofanya kazi: kimelea kina kimeng'enya kama mkasi, cha kukatia maagizo yake ya kutengeneza protini, na dawa hii inakaa penye makali ya mkasi huo.

Kuna jambo moja dogo ambalo mimi naliona kubwa. Ili kujua kama malale imefika kwenye ubongo, ilibidi mgonjwa achomwe sindano kwenye uti wa mgongo, na watu waliikimbia sindano hiyo kuliko walivyoukimbia ugonjwa. Dawa inayotibu hatua zote mbili inaweza kuondoa haja ya sindano hiyo. Mhudumu wa afya anaweza kuja kwa baiskeli na vidonge mfukoni.

Wagonjwa walioripotiwa Afrika nzima mwaka 1998 walikaribia 40,000. Mwaka 2018 hawakufika 1,000. Hayo yalifanywa na mitego ya mbung'o, vikosi vya upimaji vilivyozunguka kwa mitumbwi na magari, na dawa zilizotangulia, pamoja na feksinidazoli ya siku kumi iliyopata idhini mwaka huo wa 2018. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha mwaka 2022 kwamba Uganda imeutokomeza ugonjwa wa aina ya magharibi kama tatizo la afya ya jamii, na Kenya ikathibitishwa mwaka 2025 kwa ule wa aina ya mashariki. Lengo lililowekwa kwa aina hiyo ya magharibi ni kukata kabisa maambukizo ifikapo mwaka 2030.

Kwetu Tanzania lakini malale ni ya aina ya mashariki, ile inayoua haraka na inayojificha ndani ya ng'ombe na wanyama wa porini. Jaribio lile la Kongo na Guinea halikuihusu. Kwa aina yetu, dawa ya kumeza iliyofika kwanza ni feksinidazoli, iliyojaribiwa Malawi na Uganda na kupata idhini ya wataalamu wa Ulaya mwishoni mwa mwaka 2023. Na hata ukimtibu kila mtu, yuko swala, yuko nyati, yuko ng'ombe wa Msukuma. Ndiyo maana nilifurahi kusoma kwamba molekuli nyingine ya ukoo huo wa boroni ilijaribiwa kwa ng'ombe wenye nagana, na sindano moja ikawaponya vimelea vya aina mbili. Haijafika kwenye maduka ya dawa za mifugo. Mfugaji atakayeinunua atauliza bei, kama alivyouliza yule mwalimu wangu, na ningependa safari hii jibu lisiwe habari za mvua.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Wiki ijayo, tukijaaliwa, nitasoma barua zenu kuhusu nauli za daladala, ambazo zimejaa boksi mbili.